Maswali ya Wasomaji: Mstari Ambao Valmiki Hakuuchora

Mwezi huu nimepokea barua tatu zinazohusu jambo moja, nalo ni utenzi wa kale wa Wahindu uitwao Ramayana na namna unavyosimuliwa kwa sura nyingi. Nimeona ni vyema nizichapishe pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko kawaida ya ukurasa huu, kwa sababu aliyeiandika ameandika kwa uchungu, na sikuona haki kumjibu kwa aya mbili.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkazi wa Kanyenye, hapa Tabora, nina umri wa miaka 34, na dini yangu ni Uhindu. Babu wa baba yangu alitoka Gujarat, India, akafuata reli mpaka hapa akafungua duka. Sisi tuliobaki tumezaliwa hapa na Kiswahili ndiyo lugha tunayoota nayo usiku. Aliyenilea ni bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Ba. Kila jioni alipokuwa akisukuma chapati alinisimulia habari za Rama, mwana wa mfalme, na mkewe Sita. Akifika pale Lakshmana anapomwacha shemeji yake Sita peke yake msituni, na kuchora mstari mbele ya kibanda ili asiuvuke, Ba alikuwa akichora mstari kwa kidole katika unga uliotapakaa juu ya kibao, kisha ananitazama na kuniambia: "Na wewe hapa usivuke, mafuta yamechemka." Alinisimulia pia habari za kindi mdogo aliyebeba mchanga kusaidia ujenzi wa daraja la kwenda Lanka, na za bibi kizee Shabari, aliyeonja kunazi moja moja ili ampe Rama zile tamu tu.

Ba alifariki miaka miwili iliyopita. Mwaka huu nilinunua tafsiri kamili ya Ramayana ya Valmiki kwa Kiingereza, nikaisoma tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu, mstari haumo. Kindi hayumo. Shabari yumo, lakini haonji chochote. Badala yake nimekuta mambo ambayo Ba hakunitajia kamwe: Rama akimwambia Sita maneno makali mbele ya jeshi zima baada ya kumwokoa kutoka kwa Ravana, mfalme wa Lanka aliyemteka, na katika kitabu cha mwisho akimfukuza angali mjamzito kwa sababu ya maneno ya watu wa mjini. Nilimweleza mwenzangu wa kazini, naye, bila nia mbaya, akasema kwamba kitabu chenye sura nyingi namna hiyo hakiwezi kuwa na ukweli. Tangu siku hiyo, kila niwashapo taa mbele ya picha ya Rama na Sita, najiuliza ninamwomba nani. Je, Ba alinidanganya? Na nikishayajua haya yote, bado naweza kusema kwamba ninaamini?

Msomaji wa Kanyenye, Tabora

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa kuondokewa na Ba. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kabla ya yote naomba nikuthibitishie kwamba umesoma vizuri. Watakuwapo wa kukuambia kuwa mstari umo ila mfasiri ameuruka. Haumo. Katika utenzi wa Valmiki, Lakshmana anapolazimika kuondoka anamkabidhi Sita kwa miungu ya msitu, kisha anakwenda zake huku akigeuka nyuma mara kwa mara kumtazama, hachori kitu. Daraja linajengwa kwa siku tano na majeshi ya nyani chini ya fundi wao Nala, na kindi hatajwi. Shabari anampa Rama matunda ya msitu aliyomkusanyia, basi.

Lakini jambo kukosekana kwa Valmiki si kusema kwamba Ba alilitunga jikoni. Tulsidas, mshairi aliyeanza kutunga Ramcharitmanas, Ramayana yake mwenyewe, mjini Ayodhya mwaka 1574, naye hachori mstari huo pale msituni. Hata hivyo, mbele sana katika utenzi wake, majeshi yakiwa yamekwisha kufika Lanka, Mandodari, mke wa Ravana, anamsuta mumewe kwamba anajigamba kwa ushujaa ilhali alishindwa kuvuka kamstari kadogo kalikochorwa na mdogo wake Rama. Tulsidas hasimami kueleza kamstari hako ni kapi. Mshairi hawezi kugusia jambo kwa namna hiyo, kwa neno moja la kupita, isipokuwa anajua kwamba wasikilizaji wake wanalijua tayari. Kwa hiyo, kwa hesabu ya chini kabisa, mstari ambao Ba aliuchora katika unga una zaidi ya miaka 400 vinywani mwa watu.

Hebu tuangalie utenzi wenyewe ulivyotufikia. Ramayana ya Valmiki ina vitabu saba na beti zipatazo 24,000 katika lugha ya Sanskriti, na yenyewe inasema kwamba kabla ya kusomwa iliimbwa: Valmiki aliwafundisha mapacha Lava na Kusha, wana wa Sita, nao wakaenda kuiimba mbele ya baba yao ambaye hakujua kwamba hao ni wanawe. Baadaye iliandikwa juu ya majani ya mivumo, juu ya magome ya miti na juu ya karatasi, vitu ambavyo joto, unyevu na mchwa haviviachi vikae. Sisi wa Tabora hatuhitaji kuelezwa mchwa anavyoweza kukifanya kitabu. Ilibidi kila muswada unakiliwe upya kabla haujaliwa, na kila mnakili alikuwa na mkono wake, na kijiji chake, na mambo aliyoyasikia tangu utotoni. Miswada ya kaskazini ya India ikawa na sura yake, na ya kusini ikawa na sura yake. Katika karne iliyopita wataalamu wa taasisi moja mjini Vadodara, katika Gujarat hukohuko walikotoka wazee wako, waliilinganisha miswada hiyo ubeti kwa ubeti, na wakachapisha matokeo ya kazi yao kati ya mwaka 1960 na 1975. Beti ambazo hazikuwa na ushahidi wa kutosha hawakuzitupa; waliziweka chini ya kurasa na katika viambatisho, ili msomaji azione na kujua ni zipi. Naipenda sana kazi hiyo, kwa sababu imefanywa na watu wengi walioushughulikia utenzi huo kwa miaka mingi bila kuona kwamba kuuchunguza ni kuukosea adabu.

Mwenzako wa kazini, nadhani, anaupima utenzi huo kwa kipimo cha kitabu cha dini yake, na katika hilo simlaumu, kwa kuwa nami nilianza hivyohivyo. Mimi ni Mwislamu, na nimelelewa kujua kwamba herufi moja ya Qurani haibadilishwi. Ila Wahindu wenyewe wana tofauti ambayo sisi wa nje huwa hatuioni. Wanayo maandiko waliyoyaita kwa jina lenye maana ya kile kilichosikika, yaani Veda, na haya waliyahifadhi kwa vichwa kwa uangalifu wa kushangaza, wanafunzi wakiyarudia silabi kwa silabi, mbele na nyuma, hata kosa la sauti moja ligundulike. Kisha wanayo mengine waliyoyaita kwa jina lenye maana ya kile kilichokumbukwa, na Ramayana imo humo, pamoja na Mahabharata, utenzi wao mwingine mkubwa. Hayo ya pili hayakuzuiwa kusimuliwa upya. Walioweza kulinda silabi za Veda kwa muda mrefu kiasi hicho hawakushindwa kulinda Ramayana. Waliiacha itembee wakijua.

Ushahidi wa jambo hilo umo ndani ya tenzi zenyewe. Katika Adhyatma Ramayana, iliyotungwa baada ya Valmiki, Rama anajiandaa kwenda uhamishoni msituni na anamkatalia Sita kufuatana naye. Sita anamjibu hoja nyingi, na hoja mojawapo ni kwamba Ramayana nyingi zimekwisha kusimuliwa, na hakuna hata moja ambayo ndani yake Rama alikwenda msituni bila Sita. Tafadhali itafakari hoja hiyo, binti yangu. Huyu ni Sita mwenyewe, akiwa ndani ya hadithi, anatumia wingi wa hadithi kuwa dalili ya haki yake, na Rama anakubali. Tulsidas naye anasema wazi kwamba Hari, yaani Mungu Vishnu, hana mwisho na hadithi za Hari hazina mwisho.

Nikupe mfano wa hapa kwetu, ingawa si sawa kwa kila kitu. Mnamo Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince, ambaye wazee walimwita Bwana Sakarani, waliivamia ngome ya Mtemi Isike wa Wanyamwezi, hapa Tabora. Babu yangu mzaa mama, aliyekulia upande wa Itetemia, alikuwa akisimulia kwamba mtemi aliwasha baruti akajilipua ili asikamatwe, na hapo simulizi yake iliishia. Rafiki yake wa rika moja alisimulia kwamba moshi ulipotulia Wajerumani walimkuta mtemi bado ana pumzi, wakamnyonga. Niliwasikia wakibishana chini ya mwembe mpaka kahawa ikapoa vikombeni, babu akigonga fimbo chini kila anapotamka neno baruti. Isike ana mwaka na ana mashahidi, na Rama hana hivyo kwa namna ambayo mwanahistoria angeridhika. Ndiyo maana nasema mfano hautoshi. Nauleta kwa sababu ya jambo moja tu: nilipokua nikagundua kwamba babu aliujua mwisho ule wa pili vizuri kabisa. Aliukatia hapo kwa kuwa alitaka mjukuu wake amkumbuke mtemi akiwa ameshika moto mkononi mwake mwenyewe.

Sasa nifikie lililokuumiza zaidi, kwa maana sidhani ni kindi. Maneno ya Rama kwa Sita katika kitabu cha sita ni makali kweli, na Valmiki hakuyalainisha. Sita anaingia motoni kuthibitisha usafi wake, na mungu wa moto anamtoa akiwa mzima na kumshuhudia. Kitabu cha saba kinaongeza kufukuzwa, na mwisho wake Sita anaiomba ardhi impokee, nayo inafunguka na kumchukua. Wataalamu wengi wanaona kwamba kitabu cha kwanza na cha saba viliongezwa baada ya vile vya katikati, kwa sababu ya lugha yake na kwa sababu Rama wa humo amekwisha kuwa mungu waziwazi, ilhali katika vitabu vya katikati anaenenda zaidi kama mtu. Nakueleza hili ulijue, lakini sikushauri ulikimbilie liwe maficho, kwa sababu maneno yale makali yamo katika kitabu cha sita na hayaondoki.

Kinachonigusa ni kwamba si wewe wa kwanza kushindwa kuyameza. Adhyatma Ramayana, na Tulsidas baada yake, wanasimulia kwamba aliyetekwa na Ravana alikuwa kivuli cha Sita tu, na Sita wa kweli alikuwa amehifadhiwa ndani ya moto tangu mwanzo, hivyo kuingia kwake motoni kulikuwa njia ya kurudi. Bhavabhuti, mtunzi wa tamthilia wa karne ya 8, alikichukua kisa cha kufukuzwa akakimalizia kwa Rama na Sita kukutana tena. Kamban, aliyetunga kwa Kitamil yapata karne ya 12, anaufunga utenzi wake kwa Rama kutawazwa, na Tulsidas naye hakumfukuza Sita. Huko Bengali, katika karne ya 16, mwanamke aitwaye Chandrabati alitunga Ramayana ambayo karibu yote inasimama upande wa Sita. Hawa wote waliyakuta yaleyale uliyoyakuta wewe mwaka huu, wakaumia, na kila mmoja akajibu kwa namna yake. Ba alijibu kwa kunyamaza. Sijui kama aliwahi kukusudia kukueleza ulipokuwa mkubwa, lakini mwanamke aliyekulia katika nyumba ya Kihindu hakosi kujua Sita alivyoondoka duniani. Nionavyo mimi, alichagua, na katika kuchagua alifanya walichofanya washairi hao.

Umeuliza kama bado unaweza kusema unaamini. Hapo mimi sina mamlaka, kwa kuwa si wa dini yako na simwombi Rama wala Sita. Ninachoweza ni kukutenganishia maswali mawili ambayo barua yako imeyafunga fundo moja. La kwanza ni lipi limeandikwa wapi, na lini, na nani kaliongeza. Hili lina majibu, na usiogope majibu yake hata yakiwa kinyume cha matumaini yako. La pili ni nani unayemtegemea unapowasha taa jioni. Valmiki mwenyewe hakulifanya hili la pili kuwa jepesi: Sita akiwa motoni, miungu inamshukia Rama na kumuuliza mbona anasahau yeye ni nani, naye anajibu kwamba anajiona kuwa ni mwanadamu tu, Rama mwana wa Dasharatha, na anawaomba wamweleze ametoka wapi. Ikiwa Rama wa utenzi aliweza kusimama mbele ya miungu na kukiri hajui, sioni kwa nini msomaji wa Kanyenye aone aibu kusimama mbele ya picha yake akiwa na maswali.

Ningekuomba mambo mawili. Usiseme kwa mtu yeyote kwamba mstari umo katika Valmiki, hata kama kusema hivyo kungekupa ushindi mbele ya mwenzako, kwa sababu imani inayolindwa kwa jambo ambalo unajua si kweli itakuchosha. Na wanao wakikuuliza, uchore mstari katika unga kama ulivyochorewa, kisha uwaambie kwamba hivi ndivyo Ba alivyousimulia. Uchungu wako juu ya Sita usiuzime upesi. Nadhani una haki nao.

SWALI

Assalaam alaykum Mwalimu. Kijana wangu alikwenda masomoni Indonesia akarudi na kikaragosi cha ngozi kilichotobolewatobolewa kwa nakshi nzuri sana. Anasema huyo ni Rama wa Wahindu, na kwamba Waislamu wa huko hukaa usiku kucha kutazama mchezo wake. Nimekitundika sebuleni. Jirani mmoja tunayeswali naye kaniambia nikichome. Je, ni kweli kwamba Waislamu wana Ramayana?

Mzee wa Ujiji, Kigoma

JIBU

Waalaykum salaam, mzee wangu. Hukumu ya kukitundika au kutokitundika waulize masheikh, nami sitawaingilia. Habari yenyewe ni kweli. Utenzi huu ulifika Java zamani sana: hekalu la Prambanan, lililojengwa katika karne ya 9, lina kuta zilizochongwa kisa cha Rama kuanzia mwanzo, na utenzi wa Kijava cha kale juu ya Rama ni wa karibu na zama hizohizo. Uislamu ulipoenea huko baadaye, watu hawakuziacha hadithi zao. Mchezo ulioutaja huitwa wayang kulit. Vikaragosi hukatwa katika ngozi ya nyati, msimulizi hukaa nyuma ya pazia lenye taa, na yeye peke yake huvitembeza vyote na kuzisemea sauti zote tangu usiku hadi alfajiri. UNESCO iliutambua mwaka 2003 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu.

Wamalei walikwenda mbali zaidi. Katika Hikayat Seri Rama, ambayo ni Ramayana yao iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, Ravana anapata ufalme baada ya Nabii Adam kumwombea kwa Mwenyezi Mungu, na anapewa kwa sharti kwamba atawale kwa haki. Mtu wa Ujiji anaweza kushangaa, lakini nasi wa pwani na wa bara tunazo tenzi za vita vya Waislamu zilizojaa majini na mazimwi ambayo wazee wetu waliyaghani misikitini na maulidini, na kila msikilizaji alijua lipi ni aya na lipi ni utenzi. Ni haki pia ujue kwamba Waislamu wa huko hawakubaliani wote: katika jimbo la Kelantan, Malaysia, serikali ya jimbo iliupiga marufuku mchezo huo katika miaka ya 1990. Kama ungeniuliza mimi binafsi, nisingekichoma. Mwanao amekuletea kazi ya mikono ya fundi, na jirani yako anaweza kuelezwa kwa upole kwamba hakuna anayekisujudia.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha sita, naishi Mwanga, Kigoma. Nimesikia kwamba ipo Ramayana ambayo ndani yake Ravana si jitu na Rama hakumwua. Inawezekanaje? Pia naomba unielekeze, kwa mtu ambaye si Mhindu na hajawahi kuusoma utenzi huu, aanzie wapi?

Mwanafunzi, Kigoma

JIBU

Marahaba kijana wangu. Ulichosikia ni Ramayana ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, na hasa ile iliyotungwa na Vimalasuri kwa lugha ya Kiprakriti. Inaanza kwa mfalme Shrenika kulala kitandani usiku akiwa na mashaka: itakuwaje nyani wawashinde mashujaa wenye nguvu kama wale wa Lanka, na itakuwaje mtu mwenye elimu kama Ravana awe mla watu? Asubuhi anakwenda kwa mwalimu Gautama kumuuliza, na utenzi wote ni jibu la swali hilo. Gautama anaeleza kwamba wale hawakuwa nyani; walikuwa watu wenye elimu ya uchawi waliobeba picha ya nyani katika bendera zao. Ravana si jitu, ni mfalme mkubwa aliyeharibiwa na tamaa moja. Na kwa kuwa Wajaini wanaona kuua kuwa dhambi nzito kupita zote, Rama, ambaye mwishoni anapata wokovu wa roho, hawezi kuwa na damu mikononi. Anayemwua Ravana ni Lakshmana, naye analipia kwa kwenda motoni. Ukiisoma ukiwa umekwisha kumsoma Valmiki, utaona jinsi fundisho moja la imani linavyoweza kusogeza upanga kutoka mkono wa ndugu mmoja kwenda wa mwingine huku kisa kikibaki kilekile.

Wapi uanzie: kitabu cha tano cha Valmiki, Sundara Kanda. Familia nyingi za Kihindu hukisoma chenyewe peke yake, na hakihitaji ujue mengi yaliyotangulia. Hanuman, nyani shujaa aliyetumwa na Rama kumtafuta Sita, ameruka bahari, amepita usiku katika mji wa Ravana akichungulia nyumba baada ya nyumba, na hatimaye amemwona Sita ameketi chini ya mti, amekonda, nguo yake imechakaa, amezungukwa na majitu ya kike yanayomtisha. Hanuman yuko juu ya mti huohuo, amejificha kati ya majani. Hapo anaanza kufikiri kwa muda mrefu kuhusu jambo ambalo wewe na mimi tunalifikiri kila siku: amsemeshe kwa lugha ipi? Akisema Sanskriti kama wasomi wasemavyo, Sita atadhani ni Ravana aliyejigeuza, naye atapiga kelele, na walinzi wataamka. Akinyamaza, kutapambazuka, na huyu mama amekwisha kukata tamaa ya kuishi. Anaamua kusema maneno ya watu wa kawaida, taratibu, yamfikie yeye peke yake. Hasemi yeye ni nani wala ametumwa na nani. Anaanza kusimulia kisa chenyewe toka mwanzo: palikuwa na mfalme, jina lake Dasharatha. Sita anasikia, anaondoa nywele usoni, anainua kichwa kutazama matawini.